Mbweha, Simba, na Mimi Niliyeacha Chuo

Kulikuwa na mfalme India, na huyo mfalme alikuwa na vijana watatu ambao shule ilikuwa imewashinda kabisa. Si kufeli kidogo. Kusoma kwenyewe hawakutaka kuskia. Mfalme aliitwa Amarashakti, mji wake Mahilaropya, kule kusini. Akaita washauri wake akawauliza, sasa hawa nifanye nao nini? Wakamwambia kozi ya sarufi peke yake inachukua miaka 12, na hiyo ni kabla hujaingia sheria na mambo ya utawala. Imagini kumwambia hivyo mtu mwenye watoto wasiotaka hata kushika kitabu.

Ndipo akaletwa mzee mmoja, Vishnusharman, umri miaka 80. Mfalme akamwahidi ardhi ya kutosha kumtajirisha. Mzee akasema elimu yake haiuzwi, lakini apewe hao vijana kwa miezi 6 tu. Wasipokuwa wamejua kuishi na watu baada ya hapo, yeye hafai hata kuitwa jina lake. Akawachukua. Na hakuwafundisha sarufi. Aliwapigia stori za wanyama.

Naipenda hii sehemu kuliko inavyofaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kitabu kikianza na watu watatu waliokataa shule, lazima nivute kiti karibu. Kitabu chenyewe kinaitwa Panchatantra. Pancha ni tano, maanake kimegawanywa sehemu tano. Wasomi wengi hukiweka karibu mwaka 300 BK, kwa lugha ya Kisanskriti. Ile nakala ya kwanza kabisa ilipotea. Tulizonazo ni watoto na wajukuu wake, na mjukuu mmoja maarufu ni toleo la mtawa wa Kijaini aliyeitwa Purnabhadra, alilolikamilisha mwaka 1199. Nyingi za hadithi nitakazotaja hapa ndivyo zilivyo humo.

Sasa, kabla mtu hajaniambia hizi ni stori za watoto, turudi darasa la sita kidogo. Unakumbuka insha? "Andika kisa kitakachodhihirisha maana ya methali ifuatayo." Unaanza na methali, unaeleza maana, unabuni kijana mtukutu anayeitwa Juma, Juma anavunjika mguu, unamaliza na "hadithi hii inatufunza kwamba." Mwalimu anaweka tiki. Hivyo ndivyo wengi wetu tulifunzwa hadithi ya wanyama ni nini: ni funzo limevalishwa manyoya.

Ukiangalia kwa haraka, Panchatantra inafanya hivyo hivyo. Shairi fupi lenye busara, halafu kisa. Lakini kuna ujanja hapo katikati. Mnyama mmoja anamwambia mwenzake kwamba mtu anayeingilia mambo yasiyomhusu ataishia kama yule nyani na kabari. Basi. Ananyamaza. Nyani gani? Kabari gani? Mwenzake hajui, na wewe hujui, na hapo hakuna njia ya kuendelea na maisha bila kujua. Kwa hivyo anauliza: ilikuwaje? Ndipo kisa kinaanza. (Kama unataka kujua: mafundi walikuwa wanapasua gogo la kujengea hekalu, wakaenda lanchi wakaacha kabari imeshikilia ule mpasuko. Nyani akaja akakalia gogo, sehemu zake nyeti zikaning'inia ndani ya mpasuko, akaing'oa kabari. Nisiendelee.)

Kila stori ndani ya hicho kitabu inaingia kwa mlango huo. Shairi linatupa nusu ya habari, msikilizaji anauliza ilikuwaje, msimulizi anaendelea. Sisi wa vidio tunaambiwa tuna sekunde 3 za kwanza kumshika mtu kabla hajaskroli, na watu wanauza mafunzo mazima ya hizo sekunde 3. Mzee wa miaka 80 alikuwa ashazijua, na watazamaji wake walikuwa vijana watatu wasiotaka kuskia chochote.

Lakini hilo la kushika mtu ndilo dogo. Kubwa ni nani anaongea.

Stori kuu ya kitabu cha kwanza iko hivi. Mfanyabiashara yuko safarini na mkokoteni wa mafahali. Fahali mmoja, Sanjivaka, anaumia mguu karibu na mto Yamuna, anaachwa hapo msituni. Wenzake wanajua amekufa. Yeye anakula nyasi, anapona, ananenepa, anaanza kunguruma kwa raha zake. Sasa simba wa huo msitu, Pingalaka, anakuja kunywa maji, anaskia mngurumo ambao hajawahi kuskia maisha yake yote. Anaogopa. Anajifanya hana kiu, anarudi kukaa chini ya mti na watu wake, uso mkavu.

Kuna mbweha wawili wanamtazama, Karataka na Damanaka. Baba zao walikuwa na vyeo kwa simba. Wao hawana, wanaishi kwa mabaki. Damanaka anaona ile hofu na anajua hapa kuna kazi. Karataka anamwonya, na ndiye anayemletea ile stori ya nyani na kabari: wachana na mambo ya wakubwa. Damanaka hawachani. Anaenda kwa simba, anampa stori yake mwenyewe, ya mbweha mwenye njaa aliyeskia mlio mkubwa uwanja wa vita, akaogopa karibu atoroke, kumbe ni ngoma iliyoachwa, matawi yanaipiga upepo ukivuma. Ndani ni hewa. Simba anatulia. Damanaka anamleta fahali, simba na fahali wanakuwa marafiki wa damu, na Damanaka anarudishwa kazini.

Halafu mambo yanageuka. Simba anapenda stori za fahali kiasi cha kuacha kuwinda. Wale waliokuwa wanakula mabaki wanalala njaa. Damanaka, mtu aliyewaunganisha, anaamua kuwatenganisha. Silaha yake ni nini? Meno yake hayawezi fahali wala simba. Silaha yake ni hadithi.

Anaenda kwa simba, anamwambia fahali anataka kiti chako. Simba anakataa, huyu ni rafiki yangu. Damanaka anampa stori ya chawa na kunguni. Chawa mmoja wa heshima zake aliishi kitandani mwa mfalme miaka mingi, anakunywa damu kidogo mfalme akishalala fofofo. Kunguni akaja, akaomba alale usiku mmoja tu, aonje damu ya kifalme. Chawa akamwonea huruma. Kunguni hakungoja mfalme alale, akamuuma. Mfalme akaruka, watumishi wakaleta taa, kunguni akajificha kwa ufa wa kitanda, chawa akapatikana kwa mikunjo ya shuka, akauawa. Funzo: usimkaribishe mgeni usiyemjua tabia. (Najua chawa mtaani siku hizi ni nani. Msimulizi wa Kisanskriti hakujua, lakini kumweka chawa kitandani mwa mfalme, tena ndiye anayekufa makosa yakitokea, hapo tumwachie maua yake.)

Hebu simama hapo. Ukiitoa hiyo stori uiweke peke yake kwa kitabu cha darasa la nne, na picha ya chawa na kunguni, na maswali matatu chini, ni stori nzuri tu. Funzo lake ni sawa. Kweli usimlaze mgeni usiyemjua. Lakini ndani ya Panchatantra hiyo stori inasimuliwa na mwongo, kwa mtu mwenye nguvu, ili mtu asiye na hatia auawe. Na inafanya kazi kwa sababu funzo lake ni la kweli.

Baadaye Damanaka anaenda kwa fahali, anamwambia kwa siri kwamba simba anataka kukula. Anampa kila mmoja dalili za kuangalia: ukimwona mwenzako amekaza mwili, macho mekundu, ujue yuko tayari. Wawili hao wanakutana, kila mmoja akiwa amejikaza kwa woga, kila mmoja akiona kwa mwenzake zile dalili alizoambiwa. Simba anamuua fahali.

Halafu simba anakaa hapo na damu kwa makucha, analia. Na Damanaka anaingia kumfariji. Anamwambia wafalme hawalii maadui wao. Simba anafuta machozi, Damanaka anakuwa waziri mkuu. Kitabu cha kwanza kinaisha hapo. Hakuna anayekamatwa.

Nilivyosoma hivyo mara ya kwanza nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa.

Nikueleze kwa nini iliniuma. Mwaka wa pili nikiwa chuo nilikutana na jamaa mtandaoni, mkubwa kwangu kidogo, anavaa vizuri, anaongea taratibu. Alikuwa na stori. Stori ya mtajiri wa kompyuta aliyeacha chuo. Stori ya mwanamuziki aliyeacha chuo. Stori ya kijana wa mtaa kama wetu aliyeanza na simu moja. Alizisimulia moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na funzo moja, kwamba ngazi ya kawaida ni ya watu wa kawaida. Mama alikuwa ametuma karo ya muhula. Sikulipa chuo. Nilinunua kozi ya foreksi ya yule jamaa, na iliyobaki nikaiweka kwa akaunti ya kutredi. Iliisha chini ya wiki tatu.

Na kitu kilichonisumbua muda mrefu ni kwamba jamaa hakudanganya. Zile stori ni za kweli. Wale matajiri waliacha chuo kweli. Nilikuwa nimezipima kama nilivyofunzwa darasani: je, ni kweli? Funzo lake ni nini? Sikuuliza swali ambalo Panchatantra inakulazimisha uulize kila ukurasa, huyu anayesimulia anataka nini kwangu.

Angalia vile kitabu kinakulazimisha. Kuna mahali Damanaka anataka kumshawishi Karataka kwamba akili inashinda nguvu. Anampa stori ya kunguru wawili ambao nyoka mweusi alikuwa anakula makinda yao. Ndani ya hiyo stori, kunguru wanaomba ushauri kwa mbweha rafiki yao. Huyo mbweha naye, ndani ya stori, anaanza stori: korongo mzee aliyeshindwa kuvua. Na ndani ya hiyo stori ya tatu, korongo anawapigia samaki stori: kwamba wanajimu wamesema mvua haitanyesha miaka 12, ziwa litakauka, lakini yeye kwa roho yake nzuri anaweza kuwabeba mmoja mmoja hadi ziwa jingine lenye maji. Anawabeba. Anawala juu ya mwamba. Mpaka siku anambeba kaa, kaa akaona mifupa, akamkata shingo kwa koleo zake.

Hesabu sasa. Vishnusharman anawaambia wana wa mfalme kwamba Damanaka alimwambia Karataka kwamba mbweha alimwambia kunguru kwamba korongo aliwaambia samaki. Ni kama ule ujumbe wa kikundi cha familia uliopitishwa mara nyingi mpaka hujui ulitoka kwa nani, tofauti ni kwamba hapa mwandishi amekuwekea jina la kila aliyepitisha. Na ukishuka hadi chini kabisa kwenye shimo la stori, unakuta nini? Unakuta mtu anayesimulia ili ale wanaomsikiliza. Sidhani hiyo ni bahati mbaya. Na anayeisimulia hiyo stori ya korongo mlaghai ni nani huko juu? Damanaka, ambaye anajiandaa kufanya kitu kile kile.

Wasomi wa fasihi wana majina yao ya hii mbinu ya hadithi ndani ya hadithi, na wengi huileta kama urembo. Ni kama masanduku, sanduku ndani ya sanduku, ona ustadi. Mimi naona vingine. Naona ni mazoezi. Vishnusharman alikuwa na miezi 6 kuandaa vijana watatu ambao siku moja wangekaa kwa kiti cha enzi, na kiti cha enzi ni mahali ambapo kila anayeingia mlangoni anakuja na hadithi. Kuwafundisha hadithi bila msimulizi ingekuwa ni kuwafundisha kisu bila kuwaonyesha mkono unaokishika.

Kama bado unabisha, nenda kitabu cha tatu, cha vita vya kunguru na bundi. Kunguru wameshindwa vitani. Mshauri wao mzee, Sthirajivin, anajitolea: nipigeni, ninyonyoeni, nipakeni damu, mniache chini ya mti. Bundi wanamkuta pale. Anawaambia amefukuzwa na wenzake kwa kutetea amani. Mfalme wa bundi anawaita mawaziri wake watano, na anauliza tumfanye nini huyu.

Mmoja tu, Raktaksha, anasema auawe. Wengine wanasema ahurumiwe, na kila mmoja ana stori ya kuunga mkono. Ile inayobaki na mimi ni ya njiwa. Mwindaji amemkamata njiwa jike, amemtia kwa kizimba chake. Usiku mvua kubwa inamnyeshea, baridi inakaribia kumuua, anajikinga chini ya mti ule ule ambao njiwa dume anaishi. Njiwa jike, akiwa ndani ya kizimba, anamwambia mumewe: huyu ni mgeni wetu, ana baridi na njaa. Njiwa dume anatafuta moto, anauwasha, na kwa kuwa hana chakula cha kumpa mgeni, anaingia yeye mwenyewe motoni. Mwindaji analia, anamfungua jike, naye jike anamfuata mumewe kwenye moto.

Ni moja ya stori nzuri zaidi humo ndani. Ukiisikia kanisani au msikitini utatoka ukiwa mtu bora. Na ni stori inayowaua bundi. Wanaiskia, mioyo inalainika, wanampeleka kunguru nyumbani kwao. Raktaksha anapinga, anasimulia na yeye, hakuna anayemskiza, anachukua familia yake anahama. Sthirajivin anakaa mlangoni mwa pango anajenga kiota, kijiti kimoja kimoja kila siku. Mchana mmoja, bundi wakiwa hawaoni, kunguru wanaleta moto.

Kwa hivyo funzo la stori ya njiwa ni nini? Ukiwa mwindaji na baridi imekushika, ni jambo moja. Ukiwa bundi na mbele yako kuna adui aliyejipaka damu, ni jambo lingine. Mwandishi hakukuambia njiwa alikosea. Alichofanya ni kuiweka stori yake mdomoni mwa waziri mmoja, siku moja, mbele ya kunguru mmoja, akakuacha uone kinachotokea.

Mama yangu naye alikuwa na stori, nisimsahau. Alipojua kuhusu karo hakupiga kelele. Alinisimulia kuhusu binamu yangu aliyemaliza chuo, sasa anafanya kazi benki, amejengea wazazi. Nayo ni ya kweli. Mimi wakati huo nilikuwa na yule jamaa sikio moja na mama sikio lingine, stori mbili za kweli zinazopingana, na hakuna mtihani wowote niliowahi kufanya ulionifunza la kufanya hapo. Ukiniuliza leo nani alikuwa anataka nini: mama alitaka nisilale njaa. Jamaa alitaka 15,000. Ni rahisi kuona sasa.

Rudi kwa Damanaka, kwa sababu si mimi peke yangu niliyekasirika.

Kitabu kilisafiri. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja Mwajemi, Burzoy, alienda India kutafuta mmea wa kufufua wafu, akaambiwa mmea huo ni mfano tu, wafu ni wajinga na dawa yenyewe ni kitabu. Mfalme wake alikuwa Khosrow wa Kwanza, aliyetawala 531 hadi 579, na tafsiri ya Kipahlavi ikafanywa enzi hizo. Karibu mwaka 750, Mwajemi mwingine, Ibn al-Muqaffa, akaiingiza kwa Kiarabu. Karataka na Damanaka wakawa Kalila na Dimna, na kitabu kikachukua jina lao.

Ibn al-Muqaffa alikuwa katibu wa wakubwa, maisha yake yote yalikuwa ndani ya ile ile hali ya mbweha: karibu na kiti, bila ulinzi. Na ndani ya kitabu cha Kiarabu kuna sura nzima ambayo kwa Kisanskriti haipo. Dimna anashtakiwa. Anapelekwa mahakamani, anajitetea kwa hadithi nyingine nyingi, tena nzuri, mpaka ushahidi unamshinda na anahukumiwa afe. Wasomi wengi wanaona sura hiyo iliongezwa upande wa Kiarabu. Yaani mtu alisoma ule mwisho wa mbweha kuwa waziri, akafunga kitabu, akasema hapana, hii haiwezi kubaki hivi. Naelewa kabisa. Lakini Ibn al-Muqaffa mwenyewe hakupata kesi kama ya Dimna. Aliuawa Basra miaka michache baada ya hapo, akiwa bado hajazeeka. Toleo la kale ndilo lililokuwa linajua dunia.

Kutoka Kiarabu, kitabu kikaenda Kiebrania, Kilatini, Kijerumani, na mwaka 1570 Thomas North akakitoa kwa Kiingereza. Mshairi wa Ufaransa, La Fontaine, mwaka 1678 alikiri wazi kwamba ana deni kwa yule mzee wa India. Sehemu hiyo ya safari imeandikwa sana, na huwa inaandikwa kama kwamba mwisho wa safari lazima uwe Ulaya.

Mimi nilipenda njia nyingine. Mwaka 1870 mmishonari Edward Steere alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa kwa Kiswahili na watu wa Unguja. Ndani yake kuna stori ya kima na papa. Nyingi mnaijua, ilikuwa kwa vitabu vya shule kwa sura moja au nyingine: kima anakaa juu ya mkuyu kando ya bahari, anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamkaribisha kwao. Wakiwa katikati ya maji, papa anamwambia ukweli, kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu bila kutetemeka kwamba pole, ungesema mapema, sisi tukitembea huacha mioyo yetu juu ya mti. Papa anageuza. Kima anapanda mti.

Shuleni hapo ndipo iliishia, na funzo ni "uwe mwerevu." Lakini hadithi ya Unguja haiishii hapo. Papa anasubiri chini, anaita, twende basi. Na kima anamuuliza kama anamdhania yeye ni punda wa dobi. Papa, badala ya kwenda zake, anauliza habari ya punda wa dobi ni ipi.

Umeona? Ilikuwaje. Swali lile lile. Na kima, akiwa juu ya mti, anaanza stori ndani ya stori: sungura alimdanganya punda kwamba kuna ndoa inamsubiri, akampeleka kwa simba. Simba akamrukia, punda akaponyoka. Sungura akamrudia na maneno matamu, na punda akarudi. Mara ya pili hakuponyoka. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipouliza viko wapi, akaambiwa huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo hangerudi.

Hii ni kitabu cha nne cha Panchatantra, karibu kipande kwa kipande. Kule India ni nyani na mamba, mti ni wa zambarau, mke wa mamba ndiye anayetaka moyo, na aliyemdanganya punda ni mbweha. Unguja walibadilisha mamba kuwa papa, mke akawa sultani, mbweha akawa sungura wetu. Hata neno dobi lenyewe ni la kutoka India, tunalitumia kila Jumamosi bila kuliuliza lilitoka wapi. Lakini ile mbinu hawakuigusa. Mtu anatupa nusu ya habari, mwenzake anauliza, stori inafunguka ndani ya stori. Ilivuka bahari na karne nyingi na lugha, bila mtu kuipa jina, kwa sababu wasimulizi wa huku walijua inafanya kazi. Kilichokatwa ni vitabu vya shule, vilivyoona punda ni kirefu sana.

Na angalia ni nani anasimulia safari hii. Kima ameshatoroka. Yuko juu, papa yuko chini, hataki chochote kutoka kwa papa isipokuwa aondoke. Kwa kitabu kizima ni nadra kupata msimulizi asiye na njaa.

Yule jamaa wa foreksi bado yuko mtandaoni. Siku hizi hauzi foreksi, anauza kozi ya kutengeneza maudhui. Wiki iliyopita vidio yake ilinipitia. Alianza kwa kusema kuna kitu tai hufanya akifika miaka fulani ambacho hakuna ndege mwingine anaweza, halafu akanyamaza, akaangalia kamera. Najua anachofanya. Nimekaa mwaka mzima nikisoma kitabu kuhusu anachofanya.

Niliitazama mpaka mwisho.